Nguzo Mbili za Wamasoni

Aingiaye katika loji ya Wamasoni aghalabu huziona nguzo mbili. Majina yake ni Yakini na Boazi, nayo yametoka katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, panaposimuliwa jinsi Hiramu wa Tiro alivyozisubu kwa shaba na kuzisimamisha ukumbini mwa hekalu la Sulemani, kila moja kimo chake dhiraa 18. Msomaji wa Kiswahili asidanganyike na jina la kwanza: halina nasaba na yakini yetu tuliyoipokea kwa Waarabu. Kwa Kiebrania maana yake ni “atathibitisha”, na Boazi hufasiriwa kuwa “ndani yake mna nguvu”. Wamasoni huyaunganisha majina hayo mawili, wakapata uthabiti. Ama zile tufe zionekanazo juu ya nguzo zao, moja ya dunia na moja ya mbingu, ni nyongeza ya baadaye. Biblia yataja taji zenye nyavu na makomamanga.

Walakini nguzo hizo si za kwanza katika mapokeo yao. Hati ya waashi wa Uingereza iitwayo Cooke, ya karne ya 15, ina habari za nguzo nyingine mbili, za kale kuliko gharika. Yasemwa humo kwamba watoto wa Lameki, waliovumbua elimu na sanaa, walijua ya kuwa Mungu atailipiza dhambi kwa moto au kwa maji. Wakachelea maarifa yao yasipotee. Wakayaandika katika mawe ya namna mbili, moja lisiloungua na moja lisilozama. Miaka mingi baada ya gharika, Pythagoras akaiona nguzo moja, Hermes akaiona ya pili. Hiyo ni hekaya, si tarehe; ila hofu iliyomo ni ya kweli. Mwashi wa zama zile aghalabu aliipokea kazi kwa kinywa na mkono wa fundi wake, na fundi akifa kabla ya kufundisha, alizikwa na ufundi wake.

Katika karne ya 18, baada ya Loji Kuu kuundwa London (mwaka 1717, kwa mapokeo yao), wengi wa wanachama hawakuwa tena wachonga mawe bali mabwana wa mijini. Nguzo za Lameki zikafifia, za Sulemani zikashika mahali pake. Je, hofu ile ilisahauliwa? Sidhani. Yeremia aeleza kwamba nguzo za hekalu zilikuwa na uwazi ndani, unene wake vidole vinne, wala hasemi uwazi huo ulikuwa wa nini. Mafundisho ya Wamasoni yakaujaza: nguzo, yakasema, zilifanywa hivyo ziwe hazina ya hati za chama. Biblia haina neno hata moja juu ya jambo hilo. Kwangu mimi, hekaya ya gharika ndiyo iliyohamia humo, ikavaa shaba badala ya jiwe.

Nayo shaba haikudumu. Yerusalemu ulipoanguka, yapata mwaka 586 kabla ya Kristo, Wakaldayo walizivunja nguzo zote mbili vipande vipande, wakaichukua shaba yake mpaka Babeli.