Aliyechuma na Aliyesaga: Kahawa ya Uganda Ndani ya Mashine Moja Kuukuu

Kitenzi "kuchuma" kina maana mbili katika Kiswahili. Mtu huchuma tunda mtini, na mtu huchuma mali. Katika historia ya kahawa ya Uganda maana hizi mbili zilikutana kwa mtu mmoja kwa nadra sana: mkulima alichuma buni, wengine wakachuma fedha. Katika insha hii ninakusudia kueleza jinsi utengano huo ulivyotokea. Ushahidi nitakaoanza nao ni mashine ya kusagia kahawa ya espreso, iliyotengenezwa Italia, ambayo niliinunua ikiwa mtumba huko Katwe, Kampala, nikaifufua wakati wa likizo. Hoja yangu ni kwamba historia ya zao hili inaeleweka vizuri zaidi tukiuliza, katika kila kipindi, ni nani aliyeshika mashine ipi.

Mashine kuukuu husomwa kama waraka. Kibati kilichopigiliwa mgongoni kilisema volti 220. Plagi yake ilikuwa ya pini mbili za mviringo, ya Ulaya bara, ilhali soketi zetu ni za pini tatu bapa, urithi wa Waingereza. Kwa hiyo kabla ya kulegeza skrubu hata moja nilikwishafahamu kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya soko letu. Ilitumika kwingine kwanza. Kola ya kurekebishia usagaji ilikuwa imeganda kabisa. Mafuta ya kahawa yakichanganyika na unga wake, kisha yakakaa miaka, huwa magumu kama gundi. Nilipoifungua hatimaye, nilikuta visahani viwili vya chuma vyenye meno, kila kimoja kikishikwa kwa skrubu tatu. Kimoja husimama tuli, kingine huzungushwa na mota, na buni hupasuliwa katikati yake. Nilipopitisha kidole kwenye meno, hayakukwaruza. Yalikuwa yamekwisha kwa kazi ya watu wengine.

Hapa mwanafunzi wa historia hukutana na swali ambalo fundi hahitaji kujiuliza: kusafisha ni kufuta ushahidi. Nilipiga picha kabla ya kila hatua, na visahani vya zamani nikavihifadhi kwenye kopo. Kisha nikasugua hesi za kola kwa mswaki na maji ya moto yenye sabuni, nikazikausha vizuri, nikaondoa kutu kwa msasa laini.

Mashine ya namna hii ilizaliwa kutokana na haja ya kuharakisha kikombe. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano alipata hataza ya mashine iliyosukuma maji na mvuke kupita kwenye kahawa, ili mteja ahudumiwe kikombe chake papo hapo. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, reli ya Uganda ilifika Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa Kisumu leo. Matukio haya mawili hayakupangwa pamoja, lakini yalielekea mahali pamoja. Huko Milano mashine iliongeza kasi ya kunywa. Huku kwetu reli iliongeza kasi ya kusafirisha. Mkataba wa Buganda wa 1900 ulikuwa umekwisha kuweka kodi ya nyumba ya rupia 3, na mwenye nyumba alihitaji kitu cha kuuza ili azipate rupia hizo. Pamba ilitangulia, kahawa ikafuata.

Isieleweke kwamba kahawa ililetwa na wageni. Robusta ni mti wa misitu yetu ya kandokando ya ziwa. Baganda waliitafuna kabla ya kuwapo mashine yoyote: buni zilichemshwa, zikakaushwa, zikatolewa kwa mgeni ndani ya kikapu kidogo. Waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana buni moja, kila mmoja nusu yake, ikiwa imepakwa damu. Kahawa hiyo haikuhitaji kusagwa, maana jino lilitosha. Kilichokuja na ukoloni ni mpangilio mpya wa vitenzi. Kuchuma na kuanika vilibaki kwa mkulima. Kukoboa kulifanywa viwandani, na viwanda hivyo kwa sehemu kubwa vilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi. Kukaanga na kusaga vilivuka bahari.

Wakulima waliona jambo hili mapema. Mwezi Aprili 1949 palizuka ghasia Buganda, na miongoni mwa madai ya wakulima ni haki ya kuchambua pamba yao wenyewe na kuiuza bila kupangiwa bei. Naona dai hilo halijapewa uzito unaostahili katika masomo yetu. Tunalifundisha kama sura ya siasa, kati ya Kabaka, machifu na gavana, na ni kweli siasa hiyo ilikuwapo. Lakini kiini chake kilikuwa mashine. Wakulima walifahamu kwamba anayemiliki kinu ndiye anayepanga bei ya kilichomo gunani. Katika miaka ya 1950, wakati wa gavana Andrew Cohen, vyama vya ushirika vilisaidiwa kumiliki viwanda vya kuchambua pamba na kukoboa kahawa. Kitenzi cha tatu kikaanza kurudi nyumbani.

Lakini katika miaka hiyohiyo mnyororo ulikuwa ukirefuka upande wa pili. Mwaka 1947 Achille Gaggia, naye wa Milano, alipata hataza ya mashine ya wenzo iliyokamua kahawa kwa shinikizo kubwa kuliko la mvuke. Juu ya kikombe likatokea povu zito la rangi ya dhahabu, nalo likawa alama ya espreso. Shinikizo hilo lilidai unga laini sana na wenye punje sawa: ukiwa mkubwa maji hupita mbio, ukiwa mdogo mno huziba. Mashine ya kusagia, iliyokuwa kifaa cha pembeni, ikawa mlinzi wa kikombe. Robusta nayo ikapata kazi mpya, kwa kuwa huongeza povu na ukali, na Waitalia wengi huichanganya na arabika. Italia ikawa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Uganda, na ingali hivyo. Povu lile tunalolitazama kama ufundi wa Ulaya, sehemu yake huota Masaka na Mukono.

Mfumo wa biashara ya dunia ulikaza hali hiyo. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa 1962 uliipa kila nchi mgawo wake, uliohesabiwa kwa magunia ya kahawa mbichi. Bodi ya serikali ndiyo iliyouza nje. Mgawo ulipovunjika mwaka 1989 bei zilianguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ikafunguliwa. Wauzaji wakaongezeka, lakini kilichopakiwa kwenye makontena kilibaki kwa wingi kuwa buni mbichi.

Ukarabati ulinionyesha ugumu wa kubadili hali hii kuliko kitabu chochote. Nilipowasha mashine mara ya kwanza mota ilinguruma bila kuzunguka. Fundi wa Katwe aliisikiliza kidogo akasema, "Nnyabo, mota hii haijafa, inakosa wa kuisukuma." Alibadilisha kapasita, akatia beringi mpya, akatengeneza upya waya na plagi. Mguu uliovunjika aliuchonga kutoka kipande cha alumini. Jambo moja tu lilimshinda: visahani vya meno. Chuma chake hukomazwa kwa moto na meno yake hukatwa kwa vipimo vidogo mno. Ilibidi viagizwe Italia. Kati ya mashine nzima, sehemu inayogusa kahawa ndiyo ambayo Kampala haikuweza kuitengeneza.

Baada ya kuvifunga visahani vipya nilivikaribisha mpaka vikagusana kidogo, kisha nikavirudisha nyuma hatua kwa hatua hadi kahawa ikatoka kwa takriban sekunde 25 hadi 30, kama ipasavyo. Kahawa niliyosaga ilikuwa ya jajja yangu wa Masaka, ambaye huuza kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na maganda yake. Alipokuja mjini nilimpa kikombe. Alilitazama lile povu kabla ya kunywa, akauliza, "Kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa ikifanywa huko?" Alikuwa amechuma kahawa tangu usichana wake.

Swali lake ni la kihistoria. Mtu anaweza kulima zao maisha yake yote asijue linakuwa nini, kwa sababu ujuzi huo uliwekwa ndani ya mashine, na mashine zikawekwa mbali. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba tatizo ni Waganda kupenda chai. Mazoea ya kunywa hufuata mazoea ya kusaga. Madai ya 1949 yalirudisha ukoboaji. Yanayobaki ni kukaanga, kusaga, na, mbele zaidi, kuyakata yale meno ya chuma hapahapa Katwe. Siku hiyo ikifika, huenda kitenzi "kuchuma" kikapata maana zake zote mbili katika shamba moja.