Kutoka Shikome hadi Simujanja: Skrini, Habari za Kibiashara na Mazungumzo ya Watoto katika Mwambao wa Ziwa Victoria, Mwanza

Mjadala kuhusu athari za skrini kwa watoto wa Mwanza mara nyingi huanza na televisheni na kuishia na simu, kana kwamba kabla ya vyombo hivyo kila mji ulikuwa na mzee anayesimulia na mtoto anayesikiliza. Historia ya mwambao wa Ziwa Victoria haiungi mkono dhana hiyo. Makala hii inatetea hoja kwamba skrini iliingia katika nafasi ambayo mabadiliko ya makazi, shule na kazi yalikuwa yamekwisha kuiacha wazi.

Katika jamii ya Wasukuma, shikome, yaani moto uliokokwa uani jioni, uliwakutanisha wazee na wavulana. Hapo vijana walijifunza hadithi, vitendawili, nasaba na adabu ya kusema mbele ya wakubwa. Kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alikamilisha mwaka 1945 riwaya yake ya Kikerewe kwa nia ya kuhifadhi lugha na mila za watu wake. Ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Tarehe ya kwanza ina uzito wa ushahidi. Wasiwasi wa kukatika kwa urithi wa masimulizi ulikuwapo takribani miaka hamsini kabla ya televisheni kuanza Tanzania Bara.

Mabadiliko yaliyofuata yaliongeza wasiwasi huo. Uhamishaji wa watu kwenda vijijini katika miaka ya 1970 ulivuruga mpangilio wa miji ya Kisukuma. Elimu ya Msingi kwa Wote ya mwaka 1977 iliwaingiza watoto wengi katika madarasa ya Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu ya sangara viliifanya Mwanza kuwa kitovu cha biashara ya nje, na mialo ikavuta wazazi wengi. Uvuvi wa dagaa nao hufanyika usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Hivyo baba mvuvi huwa nyumbani jioni hasa wakati wa mbalamwezi.

Televisheni ilikuta hali hiyo. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini upande wa Bara serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa anasa. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi. ITV ilianza mwaka 1994, na Mwanza yenyewe ikawa makao ya Radio Free Africa na Star TV. Awali watoto walitazama kwa pamoja, sebuleni kwa jirani au katika banda la video, ambako mara nyingine mfasiri alieleza filamu ya kigeni kwa Kiswahili. Kati ya mtoto na skrini bado alikuwapo mtu mzima wa kuulizwa. Simujanja ilidhoofisha upatanishi huo, kwa kuwa hutazamwa na mmoja.

Biashara iliongeza jambo la pili. Kituo binafsi huishi kwa matangazo, na tangazo humfikia mtoto bila kupitia kwa mzazi, kisha mtoto hulifikisha kwa mzazi kama ombi. Kwa kuwa kanuni za utangazaji huelekeza matumizi ya Kiswahili au Kiingereza, bibi anayezungumza Kisukuma pekee hubaki nje ya mazungumzo hayo. Kinachopotea hapo ni nafasi yake ya kueleza, kukosoa na kukataa.

Hata hivyo, katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kurushwa mwaka 2014 kwa Kiswahili, zinaonyesha kuwa skrini inaweza kufundisha na kuzua maswali. Matokeo yake hutegemea kama yupo wa kuyajibu maswali hayo. Kwa sababu hiyo, kupunguza saa za kutazama bila kurejesha saa za wazazi kutaacha jioni ile ile tupu. Utafiti katika mialo unapaswa kulinganisha siku za giza na siku za mbalamwezi. Iwapo watoto wale wale huacha skrini baba anapokuwa nyumbani, chanzo cha ukimya kitapaswa kutafutwa kwanza katika mpangilio wa kazi ya ziwa.