Bunduki moja, risasi mbili

Leo naomba tuiache tarakilishi kidogo tuzungumze kuhusu bunduki. Msiogope, sina bunduki na sina mpango wa kuitafuta. Kilichonifikisha huku ni kazi. Majuzi programu niliyoiandika ilipita majaribio yote kwenye seva yetu ya majaribio. Tukaipeleka kwa wateja asubuhi, na kabla ya saa sita mchana ikawa imelala chali. Seva ya majaribio ilikuwa na data kidogo mno, kwa hiyo kasoro haikuonekana. Nilikuwa nimeiweka hivyo mwenyewe ili kupunguza gharama.

Basi usiku ule nikabaki na swali. Ukitengeneza kitu cha kufanyia mazoezi, ni kipi lazima kifanane na kitu halisi, na ni kipi unaweza kukidanganya? Katika kusomasoma nikakuta kwamba majeshi yalihangaika na swali hilo hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na wao walikuwa wanahesabu maiti.

Kwanza tuelewane kuhusu risasi. Risasi ya bunduki ya vita ina fataki ndogo katikati ya kitako cha ganda. Pini ya bunduki huigonga fataki hiyo, baruti inawaka, risasi inatoka. Tuiite risasi ya katikati. Kuna aina nyingine ambayo haina fataki ya kupachikwa. Kemikali ya kuwashia imetandazwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe, na pini huuponda ukingo huo. Hii tuiite risasi ya ukingo. Iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya .22, yaani upana wa milimita 5.6 hivi. Kampuni ya Smith & Wesson ilitoa .22 fupi mwaka 1857, na ile ndefu tunayoijua leo ikatoka mwaka 1887. Ganda lake ni jembamba na rahisi kutengeneza, kwa hiyo bei yake ni ya chini sana.

Sasa linganisha na 303 ya Waingereza, ile ambayo wazee waliotumikia KAR waliibeba. Risasi yake ina uzito wa gramu 11 na kitu, na hutoka kwa kasi ya mita 740 hivi kwa sekunde. Ya .22 ina gramu 2.6 na hutoka kwa mita 330 hivi. Ya kwanza inahitaji uwanja mkubwa usio na watu kwa kilomita kadhaa nyuma ya shabaha. Ya pili unaweza kuipiga ndani ya ukumbi, umbali wa yadi 25, bora tu kuwe na ukuta mzuri.

Mtu yeyote mwenye bajeti ataona faida. Je, unaweza kuichukua bunduki ile ile ya askari ukaifanya ipige risasi ya bei nafuu?

Waingereza walianza na bunduki ya Martini-Henry, iliyokuwa na mtutu wa upana wa inchi 0.45. Miaka ya 1880 Richard Morris alileta mtutu mwembamba unaochomekwa ndani ya mtutu mkubwa. Ukimaliza mazoezi unauchomoa na bunduki inarudi kuwa ya vita. Cha kuvutia ni kwamba risasi ya Morris ilikuwa ndogo lakini bado ya katikati. Bila shaka mnaona faida yake: pini ya bunduki inapiga pale pale ilipozoea, hakuna haja ya kugusa mtambo. Hasara ni kwamba unahitaji risasi ya pekee, na risasi ya pekee haiwezi kushindana kwa bei na .22 inayotengenezwa kwa mamilioni.

Halafu vikaja Vita vya Makaburu. Katika wiki moja ya Disemba 1899 Waingereza walipigwa Stormberg, Magersfontein na Colenso, mbele ya wakulima wenye Mauser waliojua kulenga tangu utotoni. Lord Roberts, aliyetumwa kwenda kuokoa jahazi, alikuwa amempoteza mwanawe wa pekee aliyejeruhiwa pale Colenso. Baada ya vita alitumia nguvu zake nyingi kuhubiri kwamba raia wa kawaida lazima wafundishwe shabaha. Chama cha vilabu vya shabaha vya wafanyakazi kilianzishwa mwaka 1901, na yeye akakiunga mkono. Mfanyakazi wa kiwandani hana uwanja wa kilomita wala hela za 303. Ana jioni moja na ukumbi. Kwa hiyo .22 ikashinda, na hapo ndipo tatizo la pini likarudi.

Maana pini ya bunduki ya vita inapiga katikati, na risasi ya ukingo ukiipiga katikati haifanyi lolote. Njia zilizokuwepo zilikuwa mbili, na kila moja ilidanganya mahali pake.

Njia ya kwanza ni kuigeuza bunduki moja kwa moja. Unachukua Lee-Enfield iliyochoka, unautoboa mtutu wake na kuingiza ndani mtutu wa .22 unaobaki humo, au unaweka mtutu mpya kabisa. Halafu unabadilisha kichwa cha komeo, kile chuma unachokisukuma mbele na kukivuta nyuma, ili pini ifike ukingoni. Uzito ni ule ule, na kitako na mtambo wa kufyatulia ni vile vile. Inapiga vizuri sana. Lakini unaingiza risasi moja moja kwa vidole. Mkono haujifunzi kujaza magazini wala kupiga harakaharaka.

Hilo lilikuwa jambo kubwa. Askari wa Uingereza kabla ya 1914 alitakiwa kupiga risasi 15 zenye shabaha kwa dakika moja. Mkono ndio unaofanya kazi hiyo, na mkono hauwezi kufanya ambacho haujafundishwa.

Njia ya pili ni kibebeo. Mnakumbuka ile fremu ya plastiki ya kuwekea laini ndogo ya simu ili ienee kwenye simu ya zamani? Ni kitu hicho hicho. Unatengeneza ganda la chuma lenye umbo la risasi kubwa, na ndani yake unaweka ya .22. Wamarekani walifanya hivyo kwa Springfield ya 1903. Vibebeo vyao viliitwa Hoffer-Thompson, na ndani yake mlikuwa na kipini cha kupokea pigo la katikati na kulipeleka ukingoni. Mtutu ulikuwa wa .22, lakini magazini na komeo vilifanya kazi kama vitani. Waingereza nao wakatoa bunduki ya vibebeo mwaka 1918.

Kama mtu wa programu, nakiri kwamba nilipoisoma hii mara ya kwanza nilipiga makofi. Ni adapta safi! Hakuna kinachobadilika upande wa juu. Lakini endelea kusoma. Kila kibebeo kina kosa lake dogo la upana na unyoofu, kwa hiyo risasi kumi kutoka vibebeo kumi haziendi mahali pamoja. Kijana anayejifunza hajui kama amekosea yeye au ni chuma kimekosea. Fataki za siku hizo ziliacha masalio yenye kuozesha chuma, kwa hiyo vibebeo viliota kutu visiposafishwa kimoja kimoja. Na kuvijaza na kuvitoa maganda kulikula muda wa mazoezi wenyewe. Umeokoa hela ukapoteza jioni.

Wamarekani waliviacha, wakatengeneza Springfield ya .22 ya pekee, ya mwaka 1922. Waingereza nao wakarudi kwenye bunduki ya risasi moja moja, ile iliyokuja kuitwa No. 2 Mk IV. Magazini ya 303 waliiacha mahali pake ikiwa tupu, na maganda yaliyotumika yakawa yanadondokea humo. Nilicheka. Sehemu iliyowapa kichwa kuuma miaka yote ile ikaishia kuwa ndoo ya taka.

Wajerumani, kupitia kampuni ya Erma ya Erfurt, walirudi kwenye wazo la Morris: mtutu wa kuchomeka ndani ya Mauser, ila safari hii na komeo lake na magazini yake ndogo. Kwangu mimi hilo ndilo lililokuwa jibu zuri kuliko yote ya kizazi kile, kwa sababu bunduki inabaki ya vita na mkono unafanya kazi yake.

Bahati nzuri kuliko zote iliwaangukia Wamarekani na M16. Mtutu wake una upana karibu sawa kabisa na wa .22, kwa hiyo hauguswi. Kifaa chao kiitwacho M261 kiliingia mahali pa komeo, na kibebeo cha risasi 10 kikakaa ndani ya magazini ya kawaida. Dakika moja tu na umemaliza. Tatizo lilikuwa uchafu: risasi ya .22 ni ya risasi tupu isiyovalishwa shaba, na masalio yake hujazana kwenye tundu la gesi ambalo bunduki halisi inalitegemea.

Halafu miaka ya 1980 M16 yenyewe ikabadilika. Mifereji ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi, ilikuwa ikikamilisha mzunguko mmoja kila inchi 12. Kwenye M16A2 ikawa kila inchi 7, ili kuimudu risasi mpya ndefu na nzito zaidi. Risasi nyepesi ya .22, inayopenda mzunguko mmoja kila inchi 16, ikawa inazungushwa zaidi ya mara mbili ya inavyohitaji, na shabaha ikaanza kutawanyika, wakati kifaa chenyewe hakikuguswa hata skrubu moja.