Uzungushie nini tuta la maua au mboga?

Gitega na Muyinga ni vilima, na mvua za Septemba hadi Mei huteremka na udongo usiozuiwa. Kwenye kambi ya Gasorwe, ambako kiwanja ni kidogo, ukipoteza udongo hupati mwingine.

Mawe ndiyo bora. Yafukie hadi nusu, ukianzia upande wa chini. Tofali la kuchoma linafaa hata likivunjika. Lile bichi huyeyuka. Shina la mgomba huoza upesi. Fito za mkaratusi huliwa na mchwa, tena miti ina wenyewe: ukikata bila ruhusa unaleta ugomvi na majirani. Chupa za kioo usitumie, watoto hutembea pekupeku.

Huna kitu? Panda matete kwa mstari. Mbuzi naye atakula.