Mwani na Wanawake wa Pwani ya Unguja

Juu ya karafuu za Unguja na Pemba yameandikwa mengi. Juu ya mwani yameandikwa machache. Yamkini sababu yake ni kwamba karafuu ina mashamba yenye mipaka na wenyewe wanaojulikana kwa majina, lakini mwani hulimwa juu ya mchanga unaofunikwa na bahari mara mbili kila siku, na walimaji wake wengi ni wanawake. Hata katika karafuu mikono ya wanawake ilikuwako. Wao ndio waliokaa mpaka usiku kuchambua, yaani kuzitenga karafuu na makonyo yake. Walakini jina la mkulima lilibaki kwa mwenye shamba. Mwani uliwapa wanawake jina hilo. Lililosalia kuulizwa ni kwamba jina hilo liliwafikisha wapi.

Bahari haikuwa ngeni kwao. Kabla ya kilimo hiki, wanawake wa Paje, Jambiani na vijiji jirani walishuka pwani maji yanapokupwa, wakaokota chaza na makome, wakachokoa pweza katika mashimo ya mwamba, na wakafukia makumbi ya nazi mchangani. Miezi ilipopita waliyafukua, wakayaponda mpaka ukapatikana usumba, wakasokota kamba. Kazi ile ilikuwa ndefu na malipo yake haba. Mwani nao ulijulikana zamani, kwani ule wa mwitu uliokotwa na kuuzwa nchi za nje. Lakini soko lake lilififia katika miaka ya 1970, Wafilipino walipokuwa wamekwisha jifunza kuulima badala ya kuungojea uletwe na mawimbi.

Mtu aliyeitazama habari hiyo kwa jicho la elimu ni Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikuwa amesoma Hawaii kwa Maxwell Doty, mmoja wa waasisi wa kilimo cha mwani huko Filipino, na aliporejea alishikilia ya kuwa bahari yetu yafaa kwa kazi ile ile. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani kwa mbegu iliyotoka Filipino. Zana zake ni chache: mkulima hupigilia vigingi mchangani, akatandaza kamba baina yake, akafunga vipande vya mwani kwa vikamba vifupi. Baada ya wiki sita hivi huvuna, akaanika, akauza kwa uzani. Kazi hii haifuati saa ya ukutani, hufuata bamvua. Maji mafu yakiingia, shamba halifikiki.

Wanaume nao walijaribu, lakini wengi waliacha. Uvuvi uliwalipa zaidi, na hoteli za watalii zilipoongezeka zikawavuta wengine. Wanawake wakabaki, na kwa wengi wao hiyo ndiyo fedha ya kwanza ya maana waliyoipokea mkononi kwa jasho lao bila ya kuiomba kwa mume. Wako waume walionung'unika mwanzoni. Manung'uniko yale yalipungua yalipoonekana mabati juu ya nyumba na sare za watoto wa skuli. Wakulima wa mwani Zanzibar wamepata kuhesabiwa zaidi ya 20,000, na katika kila kumi, wanane au zaidi ni wanawake.

Basi, mbona wengi hawakutajirika? Jibu limo katika namna ya ununuzi. Mnunuzi ndiye aliyemkopesha mkulima kamba na vikamba, na kwa fadhila hiyo mkulima akafungwa kumwuzia yeye peke yake. Mwani mkavu ulisafirishwa hadi viwanda vya ng'ambo, ukatolewa karajini, ambayo hutiwa katika aiskrimu, dawa ya meno na vitu vingine vingi. Bei ilikatwa huko, na mwanamke wa Jambiani aliisikia kama asikiavyo habari ya mvua. Hata katika miaka ya 2010, kilo moja ya mwani mkavu wa aina ya spinosamu ilikuwa ikilipwa kwa mamia ya shilingi tu.

Iko aina ya pili, kotonii, ambayo bei yake huwa karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Hii ndiyo iliyokuwa tumaini la mkulima, na hii ndiyo iliyokufa. Tangu mwanzoni mwa karne hii, maji ya kina kifupi yalipozidi joto, matawi yake yaligeuka meupe, yakalainika, yakakatika. Kotonii ilitaka maji ya kina zaidi, yenye baridi kidogo. Hapo ndipo kilipofichuka kizuizi ambacho miaka ya neema ilikuwa imekifunika: wanawake wengi wa pwani ile hawakufundishwa kuogelea, na mashua zilikuwa za wanaume. Mtu aliyefanya kazi baharini miaka ishirini alisimama maji yakimfika kifuani, akaliona shamba lenye bei nzuri mbele yake, asiweze kulifikia. Sioni kwamba hapo palipungua bidii. Palipungua chombo.

Dakta Flower Msuya, mtaalamu wa mambo ya bahari, alilishika tatizo hilo kwa ncha zake mbili. Pamoja na wakulima alijaribu nyavu za mfano wa mirija, ambazo huushika mwani katika kina kirefu usikatike. Kazi hiyo ilidai mashua, na mafunzo ya kuogelea. Ncha ya pili ilikuwa nchi kavu. Kuanzia 2006, kwa juhudi iliyowaunganisha wakulima, wataalamu na serikali, vikundi vya wanawake vilifundishwa kusaga mwani na kuutia katika sabuni. Huko Kidoti kikundi kimoja kilijiita Tusife Moyo. Kipande kimoja cha sabuni kiliweza kuuzwa kwa bei iliyoizidi ile ya kilo nzima ya mwani mkavu, na unga wa kilo hiyo hutosha vipande vingi. Lakini wanunuzi wa sabuni hiyo aghalabu ni watalii, na sehemu kubwa ya mwani wa Visiwani bado hupakiwa mkavu katika magunia, ukasafirishwa kama ulivyo.