Kofi la Leba

Nyumbani kwetu Kyuso, hadithi ya kuzaliwa kwangu husimuliwa kwa kicheko. Mwaitu, yaani mama yangu, akifika pale sista alipomzaba kofi la paja na kumwambia, "Ulipokuwa unatafuta mimba hukulia hivi," wanawake wote jikoni huangua kicheko. Kila mmoja ana yake ya kuongezea.

Shangazi hacheki. Alikuwa muuguzi miaka mingi, kwingine kabisa, kabla ya kustaafu. Siku moja nilimuuliza wazi: mlijua mnawatesa?

"Tulijua tunaokoa mtoto," akanijibu. "Kichwa kimefika, mama anafunga miguu. Niko pekee yangu usiku, wamama watano. Unampiga asukume. Hata mimi nilifunzwa hivyo na walionitangulia."

Nimelibeba jibu hilo muda mrefu, maana sehemu yake ni kweli. Kwa miaka mingi jambo hili halikuwa hata na jina. Mwaka 2007, FIDA Kenya na shirika la Center for Reproductive Rights walitoa ripoti iliyokusanya sauti za akina mama: kutukanwa, kupigwa, kuzuiliwa wodini kwa kukosa pesa. Kisha ukaja mradi wa Heshima. Katika hospitali na vituo 13 nchini, mwanamke mmoja kati ya watano alisema alidhalilishwa alipokwenda kujifungua. Mradi huo uliwakalisha wahudumu wenyewe chini, wakajiangalia: tunafanya nini, na tumechoka kiasi gani?

Tarehe 1 Juni 2013, serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Miezi miwili baadaye, tarehe 8 Agosti, mama mmoja alijifungulia sakafuni, kwenye koridoo ya hospitali ya wilaya ya Bungoma. Alipoteza fahamu. Alipozinduka, wauguzi walikuwa wakimzaba makofi na kumfokea kwa kuchafua sakafu. Kuna mtu alirekodi video, nchi ikaona. Mama huyo alikwenda kortini, na tarehe 22 Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ikaamua kwamba utu wake na haki yake ya afya vilikiukwa. Iliagiza alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe msamaha.

Nilimsimulia shangazi kesi hiyo, nikamwambia: kofi la Bungoma lilipigwa mtoto akiwa ameshazaliwa. Lilikuwa linaokoa nani?

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Hata yetu, mengine yalikuwa ya hasira tu."

Uhaba wa wauguzi ni wa kweli, na serikali lazima iujibu. Lakini hasira ile iliangukia mwili wa mtu asiyeweza hata kuinuka aondoke.

Dada yangu anatarajia kujifungua Desemba. Shangazi amesema ataenda naye, akae kando ya kitanda. Mwaitu aliposikia, kwa mara ya kwanza hakucheka. Aliuliza tu, "Na mimi, ni nani angekaa nami?"