Oktoba ya Mazimwi, Oktoba ya Mtihani

Ukishuka matatu Mlolongo, nje kidogo ya Nairobi, wiki ya mwisho ya Oktoba, hutakutana na boga lililotobolewa macho wala popo wa karatasi nyeusi wakining'inia dirishani. Utakutana na malori yaliyopanga foleni, magari yanayopanda barabara ya juu kuelekea Westlands, na watoto wa shule wakiwa wamebeba vifuko vya plastiki vinavyoonyesha kalamu na rula zilizomo ndani.

Kwa Wamarekani, wiki hiyo ni ya mazimwi. Kwetu ni ya mtihani. Mwaka 2019, KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilikamilika tarehe 31 Oktoba, siku yenyewe ya Halloween, na sidhani kuna mtahiniwa aliyeona mzimu wa kumtisha kuliko karatasi ya Hisabati. Kwa hivyo anayetafuta historia ya kadi za Oktoba katika nchi hii asipoteze muda kwenye maboga. Aitafute kwenye kadi ya kumtakia mtahiniwa heri, ile ambayo kila Mkenya anaiita sakses kadi.

Wenzetu Wamarekani walianzaje? Wahamiaji kutoka Ireland na Scotland waliihamishia Halloween Marekani katika karne ya 19. Mwanzoni mwa karne ya 20 wachapishaji wakaona pesa. Tangu Machi 1907, posta ya Marekani iliruhusu ujumbe kuandikwa upande mmoja na anwani, upande wa pili ukaachiwa picha, na kadi za posta zikauzwa kama njugu. John Winsch wa New York alitoa kadi za Halloween zinazosakwa na wakusanyaji hadi leo, nyingi zikiwa zimechorwa na Samuel Schmucker: wachawi warembo, paka weusi, mwezi mkubwa wa manjano. Waliotaka kujifanyia mapambo nyumbani nao walipata mwalimu mwaka 1909, kampuni ya Dennison ya Massachusetts ilipotoa kijitabu cha kufundisha jinsi ya kukata, kusokota na kubandika karatasi za krepe. Bila shaka krepe hizo ilikuwa ikiziuza yenyewe.

Lakini Mwingereza aliyekuja kututawala hakuwa na Halloween ya namna hiyo. Sherehe yake ya msimu huo ilikuwa mioto ya tarehe 5 Novemba. Kadi aliyokuja nayo ni ya Krismasi, ambayo Henry Cole aliianzisha London mwaka 1843 kwa kumwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree moja, wakachapisha takriban nakala 1,000 za kuuzwa shilingi moja moja. Wamisionari wakaileta, maduka ya vitabu yakaiuza, na kufikia miaka ya themanini kadi ya Krismasi ilikuwa pambo la ukuta katika nyumba nyingi za Kenya. Haikutupwa mwaka ukiisha. Ilitungwa kwenye uzi pamoja na za mwaka uliotangulia, uzi ukafungwa kutoka pembe moja ya sebule hadi nyingine. Krepe nyekundu na ya kijani ilisokotwa juu yake na watu wawili waliosimama kila mmoja upande wake, mmoja akizungusha kuelekea kulia na mwenzake kushoto. Pasipokuwa na pesa za krepe palitumika karatasi ya choo, ile ya waridi ikipatikana. Sioni aibu yoyote hapo: ilisokoteka vizuri kuliko krepe, na baada ya sikukuu ilirudi kazini kwake.

Mikono hiyo hiyo iliyozoea krepe ndiyo iliyotengeneza kadi za mtihani. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, KCPE ya kwanza ikafanywa mwaka huo huo, na KCSE, ile ya kumaliza sekondari, ikafuata mwaka 1989. Mitihani miwili ikawa ndiyo mizani ya maisha ya mtoto, na shule za bweni zikajaa vijana walio mbali na kwao, wanaopata barua kwa sanduku moja la posta la shule nzima. Aliyetaka kumwambia ndugu yake kwamba nyumbani wanamkumbuka alituma kadi.

Waliokosa pesa ya dukani walikuwa na fundi, na fundi hakukosekana katika shule yoyote. Mara nyingi ni mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye mwandiko mzuri na alama mbaya za Kemia. Manila nyeupe ilikatwa vipande, kila kipande kikakunjwa katikati na mkunjo ukapigwa kwa mgongo wa kijiko hadi ukalala. Neno SUCCESS liliandikwa kwanza kwa penseli kati ya mistari miwili hafifu, herufi nono zilizoinama kidogo, kisha likajazwa kwa kalamu ya rangi na kutiwa kivuli upande wa kulia ili lionekane limeinuka. Chini yake waridi, mshumaa unaowaka, au kitabu kilichofunguliwa. Wembe ulitoboa dirisha dogo la umbo la moyo, na nyuma yake ikabandikwa karatasi ya fedha iliyobanduliwa ndani ya pakiti ya sigara. Gundi ikikosekana, uji mzito wa unga wa ngano ulishika vilevile, ila kadi ya aina hiyo haikuachwa mahali panapopita panya. Ndani, watu wa dini waliandika Wafilipi 4:13, nambari pekee bila maneno yake, kwa kuwa mpokeaji aliyajua. Malipo yalikuwa nusu mkate.

Kisha zikaja zilizochapishwa kwa wingi, na fundi akaanza kukosa wateja. Wachuuzi walizibana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba mbele ya maduka, zikipepea na kushika vumbi: dhahabu, manukato, riboni, nyingine kubwa kama gazeti lililofunguliwa. Iliyovunja rekodi ni ya muziki. Ukiifungua, kijidude cha betri kilianza kulia wimbo mmoja, tena na tena, na kwa kuwa waya wake ulikuwa mwembamba kama unywele, wakati mwingine kiligoma kunyamaza hata kadi ikifungwa. Bweni zima lililala na wimbo huo mpaka betri ikate roho.

Kadi zilikuwa pia na ukatili wake, na wanaozililia leo huusahau. Katika shule nyingi majina yalisomwa gwarideni. Mmoja akaitwa mara kumi na tano, mwenzake akasimama pale wiki nzima bila kuitwa. Wapo waliojiandikia wenyewe kwa mkono wa kushoto. Fundi wa kidato cha pili aliwajua, maana ndiye aliyewauzia, na fundi mzuri hakusema.

Pigo kubwa lilitokana na udanganyifu. Bahasha inayoingia shuleni juma la mtihani huweza kubeba noti ya shilingi mia mbili, na huweza pia kubeba mwakenya, yaani kikaratasi cha kuibia mtihani. Baada ya KCSE ya mwaka 2015, matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa. Mwaka uliofuata Waziri wa Elimu Fred Matiang'i alipiga marufuku siku za maombi na za kuwatembelea wanafunzi katika muhula wa tatu, na siku hizo ndizo kadi nyingi zilikuwa zikipelekwa kwa mkono. Simu nayo ilikuwa imekwisha kuingia kila nyumba. Mjomba aliyekuwa akipanga foleni ya stempu sasa humtumia mzazi ujumbe wa WhatsApp wenye picha ya mshumaa, na mzazi humsomea mtoto akikumbuka.

Kadi ya mkono haikufa, ilihamia kwa wateja wengine. Kuna za maganda ya mgomba, za karatasi ya magugu maji ya Ziwa Victoria, na za kinyesi cha ndovu kutoka Mwaluganje kule Kwale. Ni nzuri, nyuzi zake unazihisi kwa kidole. Ila mnunuzi wake hasa ni mtalii, na bei yake si ya nusu mkate.

Zaidi ya hapo imerudi kwa mlango ambao hakuna aliyeutarajia. Mtaala wa umilisi ulianza kote nchini Januari 2019, KCPE ya mwisho ikafanywa mwaka 2023, na Gredi ya Tisa ya kwanza ikafanya mtihani wake mwaka 2025. Katika mtaala huo kukata, kubandika na kupamba karatasi ni somo. Kolaji, mozaiki, kadi ya kumshukuru mama: vyote huandaliwa nyumbani na kupelekwa kwa mwalimu, na alama hutolewa. Maduka ya Mlolongo yaliyokuwa yakitundika kadi kwenye kamba sasa yanauza manila, gundi na glita. Mtoto hukumbuka kwamba kazi inatakiwa kesho yake ikishapita saa tatu usiku, mwenye duka akiwa amekwisha kufunga. Baba, aliyekuwa akilipwa nusu mkate kwa kazi hii hii, huenda kumgongea.